Mkono wa Mwandishi na Kumbukumbu ya Mji: Miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu

Utangulizi

Katika miji mingi duniani, kazi ya kuhifadhi sanaa na historia ya wenyeji na kuwashirikisha wengine hazina hiyo huachiwa chama maalumu chenye katiba, ofisi na daftari la wanachama. Mjini Lamu kazi hiyo ilifanywa kwa muda mrefu bila chama cha namna hiyo. Masheikh walihifadhi vyuo misikitini na majumbani. Wanawake walihifadhi tendi vifuani mwao na nakala zake masandukuni. Mafundi wa nakshi walihifadhi umbo la mlango na la kidaka, nao wazee walihifadhi nasaba na tarehe barazani. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya amana, na hapakuwa na mtu aliyehitaji kuikusanya yote mahali pamoja, kwani mji wenyewe ndio uliokuwa ghala.

Hali hiyo ilibadilika walipofika wageni waliotaka kuichukua hazina hiyo katika umbo linaloweza kusafirishwa. Mishonari, maofisa wa serikali ya kikoloni na wataalamu wa lugha kutoka Ulaya walihitaji matini zilizoandikwa, tena zilizoandikwa kwa namna ambayo wangeweza kuzisoma wakiwa mbali na Lamu. Mtu aliyeyakidhi mahitaji hayo kuliko mwingine yeyote ni Muhamadi bin Abubakar Kijuma, au Kijumwa kama jina lake linavyoandikwa na baadhi ya wahariri, aliyezaliwa takribani mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, fundi wa nakshi na mwandishi wa nakala. Sehemu kubwa ya ushairi wa kale wa Lamu unaosomwa leo vyuoni ilipita mkononi mwake kabla ya kufika katika maktaba za London na Ujerumani, na kutoka huko kurudi Afrika Mashariki ikiwa imechapishwa.

Wahakiki wengi wameitumia miswada ya Kijuma kama ushahidi wa kile kilichokuwapo kabla yake. Ni wachache waliouliza miswada hiyo iliandikwa kwa ajili ya nani, na jambo hilo limeathiri vipi kilichoandikwa. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba mswada wa Kijuma unapaswa kusomwa kama tendo la kushirikisha, lenye mtoaji, mpokeaji na masharti yake. Tendo hilo lilituokolea tungo ambazo huenda zingepotea. Wakati huo huo lilizitenga tungo hizo na sauti, hati na watu waliozibeba, na kazi ya kuziunganisha tena bado haijakamilika.

Fundi wa Nakshi na wa Kalamu

Tasnifu ya Mohamed Abou Egl iliyowasilishwa katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1983, pamoja na mkusanyo wa matini uliohaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke mwaka 2010, zimetuwezesha kumwona Kijuma kama mtu kamili badala ya jina lililo ukingoni mwa ukurasa. Katika kazi hizo anajitokeza kama msanii wa fani nyingi ambazo leo zimegawanywa baina ya taasisi mbalimbali. Mlango wa nakshi umewekwa chini ya makumbusho. Utendi umewekwa chini ya idara ya fasihi. Ngoma na muziki vimewekwa chini ya watafiti wa sanaa za maonyesho. Kwa Kijuma mgawanyo huo haukuwapo. Mkono uliochonga mbao ndio ulioandika beti.

Jambo hili lina uzito wa kihakiki. Mwandiko wa Kijuma ni wazi, umetiwa irabu kwa uangalifu, na mpangilio wa ukurasa wake unaonyesha jicho la mtu aliyezoea kugawanya ubao katika sehemu zinazolingana. Katika mila ya uandishi wa tendi kwa hati ya Kiarabu, ubeti mmoja huandikwa katika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, na vipande vyake vinne hutenganishwa kwa alama ndogo za pambo. Kwa kuwa vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja na kipande cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudiwa katika utendi mzima, kina hicho cha bahari huangukia upande wa kushoto wa ukurasa, kikashuka safu moja kutoka juu hadi chini. Msomaji anakiona kabla hata ya kukisoma. Umoja wa utendi, ambao sikio huupata polepole kadiri beti zinavyoghaniwa, jicho huupata mara moja.

Matini hizo zilipohamishwa katika hati ya Kirumi, vipande vinne viliwekwa kimoja chini ya kingine, na safu ile ikapotea. Mwanafunzi wa leo hufundishwa kwamba ubeti wa utendi una mishororo minne. Maelezo hayo yanafaa kwa vitabu vilivyochapishwa, lakini si maelezo ya jinsi Kijuma na waliomtangulia walivyouona ubeti wao. Ni mfano mdogo, ila unatosha kuonyesha kwamba hata istilahi za kimsingi za uhakiki wa ushairi wa Kiswahili zimejengwa juu ya umbo ambalo tungo zilipewa baada ya kuondoka nyumbani.

Hadhira Mbili katika Ukurasa Mmoja

Kijuma aliandika kwa kuagizwa na kwa kulipwa. Miongoni mwa walioipokea kazi yake walikuwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Dammann alikuwa Lamu katika miaka ya 1936 na 1937, na mwaka 1940 alichapisha mkusanyo mkubwa wa tungo za lahaja ya Kiamu. Hichens alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940. Kutokana na orodha hii fupi inaonekana kwamba katika muda wa miaka michache tu, msingi wa kile kinachoitwa leo ushairi wa kale wa Kiswahili uliwekwa na wageni waliotegemea msaada wa wenyeji wachache, na Kijuma alikuwa katikati yao.

Msomaji wa Lamu na msomaji wa Ulaya hawakuhitaji kitu kimoja. Hati ya Kiarabu katika umbo lake la kawaida ina alama tatu tu za irabu fupi, hivyo /i/ na /e/ huweza kuandikwa kwa alama moja, vivyo hivyo /u/ na /o/. Sauti kadhaa za Kiswahili, kama vile /p/, /v/ na /ch/, hazina herufi zake katika alfabeti hiyo. Msomaji aliyeukulia utendi hakuona tatizo. Ukurasa ulimkumbusha alichokuwa ameshakisikia, naye aliyajaza mapengo kwa sikio lake. Kwa mgeni, hata hivyo, kila pengo lilikuwa kizuizi. Aliyemwandikia mgeni alilazimika kuyasema yote ukurasani, na aghalabu kuongeza maelezo ya maneno na desturi ambayo hakuna mwenyeji angeyahitaji.

Kwa hiyo mswada uliokusudiwa kupelekwa mbali ni matini ya aina nyingine, hata pale maneno yanapokuwa yale yale. Unamchukulia msomaji wake kuwa mtu asiyejua. Uwazi wa mwandiko wa Kijuma, ambao wahariri wameushukuru kwa haki, ni alama ya umbali baina ya mwandishi na msomaji. Mhakiki anayeisoma miswada hiyo kana kwamba ni sauti ya mji ikijizungumzia anasahau kwamba mji haukuwa na haja ya kujieleza hivyo.

Utendi wa Mwana Kupona unaonyesha wazi masafa hayo. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na aliutunga kwa ajili ya binti yake. Mwanzoni mwa utendi huo mama anamwita binti asogee karibu, naye alete wino na karatasi. Hali inayojengwa ni ya chumbani, baina ya watu wawili, mmoja akisema na mwingine akiandika. Nakala za utendi huo zilienea miongoni mwa wanawake wa Lamu na visiwa jirani, na kwa njia hiyo wosia wa mama mmoja ukawa wosia wa mabinti wengi. Huko nako kulikuwa kushirikisha, lakini kulifuata mkondo wa ujamaa: kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kutoka nyumba hadi nyumba.

Utendi huo ulipochapishwa na Werner na Hichens mwaka 1934, ulipewa jina la Kiingereza linaloutaja kuwa ushauri kuhusu wajibu wa mke. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya wosia inahusu mume na nyumba. Lakini utendi huo una pia mafunzo ya dini, ya adabu mbele za watu na ya kuchunga ulimi, na unafungwa kwa dua ndefu ambamo mama anawaombea jamaa zake na kujiombea mwenyewe. Jina hilo lilichagua fungu moja na kuliweka mlangoni. Tangu hapo mjadala wa kihakiki kuhusu utendi huu, wa wanaoutetea na wa wanaoulaumu, umezunguka zaidi swala la utiifu wa mke, huku swala la mwanamke mgonjwa anayekiacha kifo chake katika maandishi likipewa nafasi ndogo. Msomaji wa mbali hakupokea matini tu. Kwa kuipa jina aliweka pia mipaka ya jinsi ambavyo ingesomwa baadaye, hata na wajukuu wa mtunzi.

Utendi wa Liyongo na Siri ya Nyumba

Kazi inayolidhihirisha swala hili kwa undani zaidi ni Utendi wa Liyongo, ambao Kijuma aliuandika mwaka 1913 kwa ajili ya Werner. Kisa cha Liyongo kilikuwa kimeshafika katika maandishi kabla ya hapo, kwani Edward Steere alichapisha masimulizi yake ya nathari mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja. Nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe nazo zilikuwa zikiimbwa katika ngoma za gungu. Alichofanya Kijuma ni kuyatia masimulizi ya mji katika bahari ya utendi, yenye mwanzo na mwisho.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mfalme wa Pate anaziogopa nguvu za Liyongo na anataka afe. Liyongo anatiwa gerezani. Kijakazi wake Saada anamletea chakula, lakini askari wanakila kilicho kizuri. Liyongo anatunga wimbo wa mafumbo na kumtuma Saada aufikishe kwa mama yake, ili mama aoke mkate wa wishwa usiotamaniwa na mtu na autie tupa ndani yake. Askari wanaudharau mkate huo, unapita, na Liyongo anakata minyororo huku kelele za ngoma zikizificha sauti za chuma. Baadaye mfalme anamshawishi mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Mwana anamwuliza baba siri ya kifo chake, baba anaitaja sindano ya shaba ya kitovuni, na mwana anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaondoka na uta wake, anapiga goti karibu na kisima, na anakufa katika hali hiyo. Watu wanamwona, wanadhani yu hai, na wanaogopa kuteka maji.

Uhakiki wa utendi huu umeelekea zaidi kwenye swala la ushujaa na la historia: kama Liyongo aliishi kweli, aliishi lini, na sifa zake zinalingana vipi na za mashujaa wa jamii nyingine za Afrika. Maswali hayo ni halali. Lakini utendi ulioandikwa mwaka 1913 na mwenyeji kwa ajili ya mgeni unastahili pia kuulizwa unasema nini kuhusu maarifa na mipaka yake. Ukisomwa hivyo, unaonekana kuwa kisa cha njia mbili ambazo siri hupitia.

Njia ya kwanza ni ya Saada. Anabeba wimbo ambao askari wanausikia bila kuuelewa, kisha anabeba mkate ambao wanauona bila kuujali. Maarifa yanapita mbele ya macho ya adui kwa sababu yamefumbwa katika sanaa na kukabidhiwa mtu ambaye hakuna anayemhesabu. Njia ya pili ni ya mwana. Yeye anaiuliza siri waziwazi, anaipata kwa sababu anapendwa, na anaitoa nje ya nyumba kwa malipo ambayo hatimaye hayapati. Katika njia ya kwanza mafumbo yanalinda uhai; katika njia ya pili maelezo bayana yanauua.

Haitakuwa haki kusema kwamba Kijuma alijichora katika sura ya mwana msaliti. Hakuna katika matini kinachothibitisha nia hiyo, na kisa kilikuwa cha mji kabla ya kuwa chake. Hata hivyo, mhakiki hawezi kupuuza kwamba mtu aliyekuwa akiwafasiria wageni mambo ya nyumbani kwake, kwa malipo, aliwapa pia kisa kinachoonya kuhusu kumfichulia mwenye nguvu siri ya nyumba. Yamkini huo ndio uaminifu wa Kijuma kwa mji wake. Aliwaandikia wageni kwa herufi zilizo wazi, lakini katika uwazi huo aliwahifadhia wenyeji fumbo ambalo wao ndio wangelitambua.

Saada naye anatukumbusha jambo ambalo historia za miji ya pwani hulisahau kwa urahisi. Utendi unamtaja kwa jina, na bila yeye hakuna wimbo, hakuna tupa wala hakuna ukombozi. Lakini utendi haumpi nasaba, na baada ya kazi yake anatoweka. Utumwa wa kisheria katika pwani ya Kenya ulikomeshwa mwaka 1907, miaka sita tu kabla ya utendi huu kuandikwa, kwa hiyo wasikilizaji wa kwanza wa Kijuma walizijua nyumba zenye akina Saada kwa macho yao. Kumbukumbu ya Lamu ilibebwa na waungwana waliokuwa na karatasi, na ilibebwa vile vile na watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya karatasi yoyote. Uhifadhi wowote unaoonyesha nyumba ya mwungwana na kunyamaza kuhusu aliyeoka mkate wake ni uhifadhi wa nusu.

Siwa, Mlango na Mswada

Katika karne ya 20 kazi ya uhifadhi mjini Lamu ilianza kuchukuliwa na taasisi. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 na kutumiwa baadaye kama gereza hadi miaka ya 1980, iligeuzwa kuwa mahali pa maonyesho na mikutano. Mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba ya kale ya Kiswahili imehifadhiwa ili mgeni aone zidaka, kumbi na vyumba vya ndani. Ni kazi kubwa, na asiyeithamini hajauona upesi ambao mawe ya tumbawe na boriti za mikoko huporomoka navyo vikiachwa.

Pamoja na hayo, makumbusho yanakabiliwa na tatizo lile lile la mswada wa Kijuma. Mfano mzuri ni siwa. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba ni miongoni mwa kazi bora za sanaa za pwani yote. Lakini siwa iliundwa ipulizwe. Ililia katika arusi na sherehe za nasaba zilizokuwa na haki ya kuitumia, na mlio wake ulikuwa tangazo la cheo. Ikiwekwa nyuma ya kioo inaonekana vizuri kuliko ilivyopata kuonekana, na haisikiki kabisa. Mtazamaji anaondoka akiwa amejua urefu na nakshi yake, bila kujua nani aliruhusiwa kuipuliza na nani alikatazwa. Ndivyo ulivyo utendi uliochapishwa bila mahadhi yake. Ndivyo ulivyo pia mlango uliotajwa kwa karne yake bila kutajwa kwa fundi wake.

Mambo hayo hayakosi dawa, na baadhi ya dawa zinapatikana Lamu kwenyewe. Katika msikiti wa Riyadha, unaohusishwa na Habib Saleh na elimu aliyoieneza kwa watu wa tabaka mbalimbali, vyuo vya kale vimebaki mahali pale pale ambapo qaswida na Maulidi husomwa kila mwaka. Katika karne hii miswada ya Riyadha imepigwa picha za kidijitali kwa ushirikiano na watafiti kutoka nje, huku miswada yenyewe ikibaki Lamu. Tofauti baina ya utaratibu huo na ule wa wakati wa Kijuma ni kubwa. Zamani nakala bora ndiyo iliyosafiri na mji ukabaki na kumbukumbu yake. Sasa picha ndiyo inayosafiri na mswada unabaki na wasomaji wake. Bado kuna swali la nani atazisoma picha hizo, lakini angalau mlango wa kurudia haukufungwa.

Njia ya Nabhany

Ni vyema hapa kumlinganisha Kijuma na mwenyeji mwingine wa Lamu aliyeifanya kazi ya chama kizima peke yake. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alikuwa mshairi na mtaalamu wa mila na lugha aliyewasaidia watafiti wengi wa ndani na nje. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alieleza kwa ushairi jinsi chombo cha Lamu kinavyoundwa na kusafiri. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, aliueleza mnazi na matumizi yake kwa namna hiyo hiyo.

Kijuma na Nabhany walifanana kwa kuwa wote walikuwa daraja baina ya mji na wataalamu wa nje. Walitofautiana katika mwelekeo. Kijuma aliyachukua yaliyotungwa na kuyapeleka kwa aliyeyaomba. Nabhany aliyachukua maarifa ambayo hayakuwa yametungwa, yaani msamiati wa waunda vyombo na wakwezi, na kuyatia katika bahari za ushairi ili vijana wa pwani wayahifadhi kwa sikio kama wazee wao walivyohifadhi tendi. Mtafiti wa kigeni alikaribishwa kusikiliza, lakini hakuwa ndiye aliyelengwa kwanza. Neno linalotaja kiungo fulani cha chombo halikuhitaji kufasiriwa ndani ya ubeti; ubeti wenyewe uliliweka mahali pake, likaeleweka kwa kazi yake.

Inaweza kudaiwa kwamba tungo za Nabhany zinaelemewa na msamiati hata zikawa kamusi zenye vina. Dai hilo lina ukweli kiasi, hasa kwa msomaji aliyezoea ushairi wa hisia. Lakini kuzihukumu tungo hizo kwa kipimo cha hisia peke yake ni kusahau kwamba utendi tangu hapo ulikuwa pia chombo cha kufundishia. Swali la haki zaidi ni kama tungo hizo ziliwafikia vijana waliokusudiwa. Hapo jibu haliwahusu washairi pekee. Linaihusu shule ambayo inamfundisha mtoto wa Lamu kwamba lugha yake inayosema mato badala ya macho, na ndia badala ya njia, ni lahaja ya kutajwa katika mtihani wa isimu, si lugha ya kuandikia.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba miswada ya Kijuma ina historia yake ndani ya historia inayoihifadhi. Iliandikwa kwa mkono wa fundi, kwa maagizo ya wageni, katika kipindi ambacho mji wake ulikuwa ukipoteza uwezo wa kuamua wenyewe nini kitolewe na kwa nani. Kuitambua hali hiyo hakuipunguzii miswada thamani. Kunaturuhusu kuisoma kwa macho mawili: moja likiangalia kinachosimuliwa, na jingine likimwangalia anayesimuliwa.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na usomaji huo. Kwanza, mhariri wa matini ya kale hana budi kumtaja mwandishi wa nakala na aliyemwagiza, pamoja na kumtaja mtunzi. Toleo la Utendi wa Liyongo lililohaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 lilikuwa hatua muhimu ya kuurudisha utendi huo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki chini ya jina la Kijuma. Matoleo yanayofuata hayana udhuru wa kufanya pungufu ya hapo. Pili, mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuhakiki ushairi wa kale wa Lamu hawezi kuendelea kuitegemea hati ya Kirumi pekee. Kutojua hati ya Kiarabu kunamfanya awe mgeni wa zama za Kijuma, anayengoja aandikiwe. Tatu, makumbusho na idara za fasihi zina kazi moja iliyogawanywa bila sababu ya msingi. Mswada unapaswa kuonyeshwa karibu na mlango, na vyote viwili visindikizwe na sauti za wale ambao bado wanajua kughani.

Katika utendi wa Kijuma, mwili wa Liyongo unakaa kisimani siku nyingi na mji mzima unapata kiu. Hakuna askari wala mjumbe wa mfalme anayethubutu kuusogelea. Wazee wanamwendea mama yake na kumwomba akamwimbie, kwa kuwa yeye ndiye anayejua jinsi ya kusema naye. Watafiti wengi wamekizunguka kisima cha Lamu kwa zaidi ya karne moja, na wengi wao wamefanya kazi njema. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba pale mjini bado kuna watu wanaozijua nyimbo, kwani wao wakikosekana, hata nakala zote zikirudishwa zitabaki kuwa karatasi.